Karavani ya Biji

Karavani hununuliwa kwa pua kwanza, macho baadaye. Kijana mmoja jirani yangu hapa mtaa wa Free Area alinunua moja kuukuu juzi ili auzie chipsi, akaniita niende kuisifu. Nikafungua kabati la chini kabisa, nikaingiza kichwa, nikakitoa upesi.

"Sasa mzee, si iko poa?" akaniuliza.

Nikamwambia iko poa sana, ila atavuna uyoga kabla hajauza chipsi. Hakucheka. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya, vijana wangu, msiwe mnaniita mkiwa mmeshalipa.

Basi sikilizeni. Kabati likinuka uyoga, maji yameshaingia kwenye mbao. Mshukuru muuzaji, omba maji ya kunywa, nenda zako. Baada ya pua kinafuata kisigino: kanyaga sakafu kila pembe kwa uzito wako wote, na ikibonyea kama godoro, tafuta nyingine. Gurudumu usilitazame meno peke yake. Karavani hukaa tu uwanjani mwaka mzima, kwa hiyo meno yake huwa mapya huku ubavu umepasuka kwa jua. Halafu liinue kwa jeki, lizungushe kwa mkono, ufumbe macho usikilize. Gurudumu lenye afya halisemi kitu.

Hayo ya kusikiliza nilifundishwa na Mzee Kiprono, ambaye tutakuja kumwona akipakwa unga. Mengine nilijifunzia Nakuru, miaka ya hamsini, katika gereji ya Bwana Jagat. Alikuwa Kalasinga, kama tulivyowaita Masingasinga wote, mtu mwenye mikono mikubwa na moyo mwepesi wa kukasirika na kusahau. Tulikuwa tunaunda trela za shamba, za kubebea mahindi na pareto. Siku hizo trela ilifungwa nyuma ya trekta kwa pini na mnyororo, mengine ukamwachia Mungu. Karavani zilikuwa za Wazungu. Walikuwa wakizivuta mpaka Ziwa Naivasha, wanatoa viti vya turubai, wanakaa mbele ya mlango kunywa chai. Sisi tulicheka sana. Mtu anasafiri kutwa nzima kwenda kufanya jambo alilokuwa akilifanya barazani kwake!

Nikaacha kucheka siku Bwana Jagat aliposema anataka yake.

Hakuitaka kwa anasa. Aliitaka kwa ajili ya mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Biji, na sisi wafanyakazi tukamwita hivyo hivyo. Biji alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye shungi jeupe kichwani na amri nyingi mdomoni. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, mkubwa wake, aliyeolewa na mwenye duka kule Marigat, chini kwenye joto, ambako hakuna reli. Miaka ya nyuma walipata kwenda kumwona huyo dada. Mto ulijaa njiani, giza likawakuta, wakaenda kubisha mlango kwenye nyumba ya wageni ya Mzungu mmoja. Wakaambiwa vitanda vipo, ila si vya Wahindi. Biji akalala ndani ya lori na mjukuu mwenye homa mapajani. Aliporudi Nakuru akasema hatatoka tena kwenda mahali ambapo itambidi aombe kitanda. Na hakutoka. Watu walimbembeleza miaka na miaka, harusi zikapita, misiba ikapita, Biji yuko jikoni kwake.

Halafu dereva mmoja wa lori la asali akaleta ujumbe kutoka Marigat. Yule dada macho yalikuwa yanakwisha. Jicho moja lilikuwa limeshaziba kabisa, na la pili lilikuwa linaona kama kwa pazia. Alimtumia Biji neno hili: njoo nikuone, nikiwa bado naweza kukuona.

Bwana Jagat alitueleza hayo pale gereji, akageuka akajifanya anatafuta spana. Kesho yake tukaanza kutafuta karavani.

Ya kwanza ilikuwa Njoro. Niliingiza pua, nikaomba maji ya kunywa. Ya pili ilikuwa upande wa Subukia, mbele ya Kabazi, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyefiwa na mume. Ilikuwa imekaa bandani, ya rangi ya maziwa, mlango wake umekatwa katikati ili ufungue nusu ya juu na kuacha ya chini. Nikanusa, nikakanyaga, nikazungusha gurudumu. Ilikuwa safi kabisa. Bwana Jagat alikuwa amekwisha kutoa tabasamu lake lote nilipofungua kabati la mwisho, nikadonolewa.

Ndani alikuwamo kuku, ameatamia.

"Huyo hatoki," yule memsahib akasema. "Karavani mimi nauza. Lakini ngojea kuku namaliza kazi yake kwanza."

Bwana Jagat alimsihi. Alimwambia tutamhamisha kuku na mayai yake yote, taratibu, juu ya majani makavu. Memsahib akanitazama mimi. Nami nimezaliwa Bungoma, nyumbani kwa mama mwenye kuku, siwezi kudanganya katika jambo kama hilo. Nikasema kweli, kuku akihamishwa huyasusa mayai. Bwana wangu alinikata jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo.

Njia nzima ya kurudi Nakuru alinung'unika. Dada wa mama yake anapofuka, na sisi tumefungiwa njia na kuku! Tulipofika akamweleza Biji, akitegemea wakasirike pamoja. Biji akamenya kitunguu chake mpaka mwisho, ndipo akasema kwa kile Kiswahili chake cha dukani ambacho hakuna aliyekosa kukielewa, "Kuku iko na haki. Nyumba ni yake sasa. Veve hapana fukuza mama kwa kitanda."

Basi tukangoja vifaranga. Bwana Jagat alikuwa akipeleka mtu Subukia kuulizia habari za mayai mpaka gereji nzima ikawa inamwita Baba Kuku, kichinichini. Vilipoanguliwa, mimi na yeye tulifika asubuhi hiyo hiyo. Memsahib alitupa karavani na kifaranga kimoja juu, zawadi ya Biji.

Sasa kuhusu kuvuta. Hapa vijana ndipo mnapopinduka, kwa hiyo acheni simu.

Karavani ina magurudumu mawili katikati, kama mkokoteni. Mbele ina mkono wa chuma, na mwisho wa mkono kuna kikombe kinachokaa juu ya mpira wa chuma uliofungwa nyuma ya gari. Mimi ndiye niliyeufunga ule mpira kwenye pikapu ya Bwana Jagat, na niliuchomelea vizuri hivi kwamba pikapu ilikuja kuoza ikauacha. Siri ya yote ni hii: pua ya karavani lazima ilalie gari kidogo. Si sana, hata ikalitia gari makalio chini. Kidogo tu, kiasi mwanamume mmoja mwenye nguvu aweze kuiinua huku akilalamika. Tuliipima kwenye mizani ya magunia ya mahindi pale ghala la jirani, na mwenye ghala akauliza kama tunauza nyumba kwa kilo.

Kurudi nyuma ni somo jingine. Trela hukataa kukutii: ukikata usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Shika usukani kwa chini, mkono mmoja, halafu peleka mkono upande unaotaka mkia uende. Ni hivyo tu, na ni rahisi kulieleza. Bwana Jagat alilielewa baada ya kuangusha tangi la maji, choo cha wafanyakazi na nusu ya ua wa jirani. Choo kilikuwa kitupu, namshukuru Mungu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimetoka humo.

Siku ya safari ikafika. Alfajiri nilitumwa kwenda kununua petroli, na kazi ya kupakia akapewa Mzee Kiprono.

Huyu mzee nimsemeeje? Ndiye aliyenilea kazini. Kabla ya gereji alikuwa dereva wa mkokoteni wa ng'ombe, akiteremsha mahindi kutoka Subukia mpaka stesheni ya Nakuru, na hakuna mtu katika Bonde la Ufa aliyejua mzigo kama yeye. Alikuwa anaweza kupanga mayai na misumari katika gari moja na yote yakafika. Mkokoteni wa ng'ombe una sheria yake ya kwanza: usimwekee ng'ombe uzito shingoni. Mzigo ukiinamia mbele, nira inamchuna, na ng'ombe aliyechunwa shingo hulala katikati ya barabara akakutazama. Kwa hiyo dereva mwenye huruma hurudisha mzigo nyuma kidogo. Mzee Kiprono alikuwa na huruma nyingi. Akachukua pipa la maji, jiko la chuma, gunia la unga wa ngano na sanduku la vyombo vya shaba ambalo Biji alimpelekea dada yake, akavipanga vyote nyuma kabisa, chini ya dirisha la mwisho. Akavifunga kwa kamba ya katani, fundo zuri kuliko yote niliyowahi kuona.

Niliporudi na petroli nilikuta karavani imeshafungwa kwenye gari, Bwana Jagat yuko kwenye usukani anapiga honi, Mzee Kiprono amekaa nyuma ya pikapu na mkeka wake. Biji alikuwa ndani ya karavani. Tulimwambia mbele kuna nafasi. Akasema amenunuliwa nyumba, atakaa ndani ya nyumba. Siku hizo hakuna aliyekukataza.

Tulitoka vizuri. Hali ya Hatari ya serikali ya mkoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na kwenye kizuizi nje ya mji askari mmoja akaizunguka karavani mara kadhaa na bunduki yake, akiwa hajui aidai kipande, kile kitambulisho chetu, au la.

"Hii nyumba inaenda wapi?" akauliza.

Nusu ya juu ya mlango ikafunguka, ukatokea mkono wenye bangili na kikombe cha chai. "Naenda ona dada," Biji akasema. "Kunywa upesi, kikombe ni yangu."

Askari akanywa, akarudisha kikombe, akatufungulia njia. Nilimwona Biji kwenye kioo cha pembeni, ameegemea ule mlango nusu, upepo unacheza na shungi lake. Alikuwa anawatazama watu barabarani kama mwenye nyumba anayetazama kijiji chake. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka akiwa peke yake.

Mteremko ulianza kabla ya Mogotio, kule kwenye mashamba ya mkonge. Barabara ya murram ilikuwa nzuri, Bwana Jagat akafurahi, akaiachia pikapu ikimbie. Nikahisi kitu kama mtu anatusukuma nyuma kwa bega. Mara upande huu, mara upande ule. Nikatazama kioo, nikaiona karavani nzima kulia. Nikatazama tena, iko kushoto.

"Bwana, kuna nini?"

"Mkia inacheza!" akapiga kelele, na mguu wake ukainuka kwenda kwenye breki.

"Breki hapana! Breki hapana! Toa mguu kwa mafuta, shika usukani hivyo hivyo!" nikamfokea.

Ukikanyaga breki wakati huo, karavani inakuja kukaa ubavuni mwako, na mwenye kuwamo humo hatoki mzima. Namshukuru Mungu kwamba Bwana Jagat, aliyekuwa habishani na mtu ila mimi, siku ile hakubisha. Alishika usukani kama ameshika pembe za fahali. Ile nyumba ikatupiga kulia na kushoto, mkonge ukawa unazunguka, kisha taratibu pikapu ikaishiwa mbio, mkia ukapunguza kucheza, tukasimama katikati ya vumbi.

Bwana Jagat alikimbia akafungua mlango.

Biji alikuwa amekaa sakafuni. Gunia la unga lilikuwa limepasuka, naye alikuwa mweupe kuanzia shungi mpaka viatu, macho tu ndiyo yaliyokuwa yanaonekana. Kifaranga cha memsahib alikuwa amekifumbata kwa mikono miwili. Tukamtoa nje, tukamkalisha juu ya jiwe. Hakuwa ameumia, ila alikuwa bado amekifumbata kile kifaranga, hataki kukiachia, na kumwona vile kuliniuma moyo, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kuogopa mbele yetu.

"Biji, turudi nyumbani," Bwana Jagat akasema. Alikuwa analia, bila kujificha.

Nikawaza, basi imekwisha. Tukigeuza gari hapa, mama huyu hatapanda tena kitu chochote chenye magurudumu, na kule Marigat lile jicho la pili litaziba likimngoja.

Mzee Kiprono naye alikuwa amekwisha kuingia ndani kukagua. Akatoka ameduwaa. "Kamba haijalegea," akasema. "Mzigo uko pale pale nilipouweka. Sasa kosa ni nini?"

Nikamwita mbele, nikamfungulia ile pua kutoka kwenye gari. "Inua, mzee."

Akainama, akavuta kwa nguvu zake zote, pua ikaruka juu kama unyoya, mkia wa karavani ukagonga chini, na yeye akabaki amesimama na chuma mkononi.

"Nimeipunguzia shingo," akasema polepole.

"Hii inataka kubebeshwa shingoni, mzee. Kidogo. Ukiibembeleza, inakupiga."

Akatikisa kichwa. "Ng'ombe gani hii?"

Tukaanza kupanga upya, mimi na yeye. Pipa tukalileta juu ya magurudumu, jiko mbele yake kidogo, vyombo vya shaba tukavigawa huku na huku. Nami namwambia kila mmoja wenu anayesoma: vizito vyote katikati, chini, karibu na sakafu, nyuma weka blanketi na mito. Halafu nenda mbele uinue pua. Usipolalamika, panga tena.

Tulipomaliza, Bwana Jagat alikuwa bado amepiga magoti mbele ya mama yake, anamwambia atampeleka nyumbani, atamnunulia chochote. Biji alipangusa unga mdomoni kwa ncha ya shungi.

"Mimi hapana rudi," akasema. "Dada yangu macho nakwisha. Leo mimi narudi, yeye taniona lini? Kwa picha?"

Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwelekezea kidole Mzee Kiprono.

"Veve napanga mzigo?"

"Ni mimi, mama."

"Basi ingia. Kaa na mzigo yako."

Na ndivyo Mzee Kiprono alivyosafiri kutoka Mogotio mpaka Marigat ndani ya karavani, sakafuni, kwenye unga, amekumbatia pipa la maji, huku Biji amekaa kitandani anamsimamia. Tuliwasikia wakigombana njia nzima juu ya nani atashika kifaranga. Karavani ilitufuata kwa adabu, haikucheza tena hata kwenye mchanga wa mito mikavu. Aliposhuka, mzee wangu alikuwa mweupe kiasi kwamba mbwa wa Marigat walimkimbia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni gari tamu, halina vumbi, na kwamba akifa apelekwe kaburini na kitu kama kile.

Duka la dada lilikuwa chumba kimoja mbele na kingine nyuma, magunia mpaka kwenye dari. Walikuwa wametandika blanketi juu ya magunia ya posho kwa ajili ya wageni, na walikuwa wanaona haya. Dada mwenyewe, mwembamba, mrefu kuliko Biji, alitoka akiongozwa na mkwe wake. Akaja akikipapasa kile kitu cha rangi ya maziwa, akauliza ni ukuta gani huu katika uwanja wake. Biji akashuka. Dada akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akamsogeza karibu kabisa na lile jicho lililobaki. Akamtazama kwa muda mrefu, na unga wake wote. Halafu akacheka. Alisema jambo kwa Kipunjabi, na Bwana Jagat akanitafsiria baadaye: "Umezeeka mpaka nywele za usoni zimekuwa nyeupe!"

Wakaanza kucheka wote wawili, wakishikana wasianguke. Biji akamshika mkono, akampandisha kidaraja cha mlangoni, akamkalisha kwenye kitanda chake, akawaambia wenye duka warudishe blanketi lao dukani. Akafunga mlango, ile nusu ya juu na ile ya chini.

Tulikaa pale. Mzee Kiprono alipata marafiki wa kuongea nao lugha yake, mimi nikatengeneza pampu ya maji, Bwana Jagat akala kila alichopewa. Lakini gereji haijiendeshi, na asubuhi moja nilimsikia akimwambia mama yake kwa upole kwamba kesho tutafunga safari. Biji alisubiri mwanawe aende kunawa, akaniita dirishani. Nyuma yake nilimwona dada yake amelala, kichwa juu ya mto wa Biji.

"Fundi, veve nasikia mimi?"

"Nasikia, Biji."

"Toa magurudumu."

Nilidhani nimekosea kusikia, nikamwuliza yapi.

"Yote. Weka mawe chini."

Bwana Jagat akatokea na taulo shingoni, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaniambia nisithubutu kugusa nati hata moja, kwamba yeye ndiye anayenilipa mshahara.

Nikaenda kutafuta mawe.